Mguu wa Kulia na Shamba la Mama

Maumivu yalianza Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya ukaguzi. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Wakati huo nilikuwa mkaguzi wa mishono katika karakana ya sare za shule, Kihonda, na mkaguzi huzoea kuandika kila kitu: bando namba ngapi, kasoro iko wapi, nani kashona. Mimba yangu ilikuwa na miezi sita. Nilinyoosha mkono kuchukua sketi nyingine ya buluu, na kitu kikapita kutoka kwenye kalio la kulia, nyuma ya paja, pembeni mwa goti, hadi kidole kidogo cha mguu. Nimewahi kuchoka mgongo na miguu, nayajua maumivu ya uchovu. Haya yalikuwa kama mtu kagusa waya wa umeme uliochubuka na kuushikilia pale pale. Nikaegemea meza kwa mikono miwili.

"Mwenzetu keshaanza deko," akasema fundi aliyekuwa karibu yangu, bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani.

Neno hilo, deko, nililisikia mara nyingi kuliko neno pole katika majuma yaliyofuata.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Msimamizi alisema ni viatu. Mwanamke tuliyekuwa tukipishana bombani alisema ni chango, akaniambia nichemshe mizizi fulani ambayo yeye mwenyewe hakujua jina lake. Jirani yangu wa ukutani alisema ni baridi yabisi, akaniletea vidonge vya diklofenaki vilivyobaki baada ya mumewe kuteguka kiwiko. Nilimeza viwili. Nikaandika kwenye daftari kwamba nilimeza viwili, na kwamba vilinisaidia kwa saa tano. Niliandika pia yale waliyosema wote, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba kati ya watu wanne wenye uhakika hakuna wawili waliosema kitu kimoja.

Kliniki nilikaa kwenye benchi tangu saa moja. Kukaa ndiko kulikonimaliza. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, na mama mjamzito mwenzangu akaniuliza kama nimekalia siafu. Zamu yangu ilipofika, muuguzi mkunga, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, hakuniangalia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuniambia mgongo?"

"Mguu."

"Mguu si idara yangu. Mimi nashughulika na kiuno kwenda juu."

Nikamwekea daftari mezani. Alilisukuma, kisha akaona jedwali nililochora, akalivuta tena. Siku, saa, nilikuwa nafanya nini, maumivu yalianzia wapi na kuishia wapi, nini kilizidisha, nini kilipunguza. Akavaa miwani.

"Nani kakutuma uandike hivi?"

"Hakuna."

"Wenzako wanakuja hapa wananiambia 'naumwa huku kote'. Panda kitandani."

Alininyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, taratibu, na ulipofika katikati nilipiga ukelele. Akanishusha. Akanisimamisha kwa visigino, kisha kwa vidole. Akapitisha pamba kwenye nyayo zangu zote mbili na kuniuliza kama naisikia sawasawa. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya mtu aliyechoshwa nami:

"Kuna mshipa wa fahamu mnene kama kidole chako. Unatoka chini ya uti wa mgongo, unapita ndani ya kalio, unashuka nyuma ya mguu mpaka unyayoni. Mimba inalegeza viungo vya nyonga, mtoto apate njia. Tumbo linauvuta mgongo mbele. Sasa misuli ya kalio inajikaza kushika kile kilicholegea, na ikijikaza inaubana ule mshipa. Kwa hiyo unaumia mguu, lakini mguu wenyewe mzima. Na mtoto hajakukalia popote, kabla hujaanza kumsingizia."

Vile vidonge vya jirani nilivyokuja navyo alivichukua mkononi mwangu na kuvitupa ndani ya ndoo. "Hivi vinaweza kumharibia mtoto figo na moyo, hasa miezi hii inayokuja. Usimeze tena, na huyo jirani mwambie ammezeshe mumewe. Ukizidiwa, panadoli, na uniulize kwanza."

Yaliyobaki aliyasema haraka nami nikayaandika haraka. Nilale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Nisikae wala kusimama mahali pamoja zaidi ya nusu saa, wala nisiinamishe mgongo. Khanga iliyokunjwa niifunge chini ya tumbo, izunguke nyonga, ibebe uzito. Kitambaa cha moto wa wastani niweke kwenye kalio, kamwe si tumboni. Na mara kadhaa kwa siku nipige magoti na kushika chini kwa viganja, niwe kama meza, tumbo lining'inie, niuinue mgongo kama paka na kuurudisha.

"Hapo mgongo unapata likizo," akasema. "Sasa sikiliza, haya ndiyo ya maana. Ukipata ganzi pale unapokalia, katikati ya mapaja. Mkojo ukitoka bila taarifa au ukikataa kutoka. Unyayo ukianza kuburuzika. Hapo usingoje kesho, njoo hospitali. Damu, homa na maji unayajua."

"Na kulima?"

"Kulima nini?"

"Kwa jembe. Shambani."

Alivua miwani. "Nimekuambia usiinamishe mgongo, unaniuliza jembe. Toka, mwite anayefuata."

Swali lile halikuwa la mzaha. Kwetu ni Mgeta, upande wa nyuma wa milima ya Uluguru ukitazama kutoka mjini, na katika ukoo wetu ardhi hupita kwa mama. Mama yangu alifariki akaacha shamba la ngazi ishirini kwenye mteremko unaoanzia kijitoni. Msimamizi wa mashamba ya ukoo ni dada yake, mama mkubwa. Kanuni ya nyumba yetu ni moja tu na haina mlango wa nyuma: mwanamke anayerithi shamba hulifungua kwa jembe, kwa mkono wake mwenyewe, katika msimu wa kwanza baada ya mwaka wa msiba. Akishalifungua, ruksa kuita kibarua, trekta, malaika, yeyote. Lakini pasipofunguliwa, au palipotangulia mkono wa mgeni, pamerudi ukooni, na msimamizi anapagawa upya.

Msimu wangu ulikuwa huo, kabla ya masika. Shamba la binti wa mama mkubwa, ambaye namwita dada, lilipakana na langu. Hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji tu mimi nisifike.

Nilimpigia simu mama mkubwa kuomba nisogezewe msimu mmoja.

"Kwa sababu gani?" akauliza.

"Naumwa mguu. Ni mimba."

Nikasikia anamweleza mtu aliyekuwa pembeni yake, na huyo mtu akacheka. Akarudi kwenye simu. "Mwanangu, mimba inakaa tumboni. Mguuni imeingiaje?"

"Kuna mshipa wa fahamu unabanwa, mama mkubwa."

"Mimi nimezaa saba. Wa nne nilimzaa jembe likiwa bado na udongo. Huo mshipa wa fahamu mmeununua mjini?"

Nilijaribu kumweleza kama nilivyoelezwa. Aliniacha niseme mpaka mwisho, kisha akakata.

Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa Tabora, ambako ardhi hupita kwa baba, mwanamke hulima shamba la mume na hakuna anayeuliza mkono wa nani umetangulia. Aliniona asubuhi nikitoka kitandani kwa kutambaa. Aliniona nikipiga pasi nimepiga goti moja juu ya kiti. Jumamosi moja aliniaga kwamba ana kazi ya kufunga nyaya nje ya mji, na Jumapili jioni akarudi na matope mekundu kwenye viatu na tabasamu ambalo bado naliona.

"Keti nikuambie kitu," akasema.

"Siwezi kukaa, unajua."

"Basi simama nikuambie. Shamba la mama, tumefika nusu. Niliwachukua vijana wawili wa kule kule. Wikiendi ijayo wanamaliza."

Nilimwuliza walianzia wapi. Akasema chini, kijitoni, penye udongo mzuri, ngazi tisa. Akaanza kunieleza jinsi vijana wale walivyojua kazi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba amemuuza mama yangu kaburini. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua kitu hukaa kimya nyumbani kwake, siyo kupanda milima ya watu na viatu vya kazi.

"Nilidhani jembe ni jembe," akasema.

"Kwenu."

"Sasa ungeniambia."

Usiku ule nilipitia kichwani kila mazungumzo yetu kuhusu shamba lile, kama ninavyopitia bando la sketi, mshono kwa mshono. Nilikuwa nimemweleza mipaka. Nilikuwa nimemweleza kijito, udongo, bei ya njegere. Kanuni ya mkono sikuwahi kumweleza. Kwangu ilikuwa kama kueleza kwamba mlango hufunguliwa kabla ya kuingia. Kasoro ilikuwa yangu, na sikumwambia, siku ile wala mwezi ule.

Jumanne tulipanda Mgeta, nikiwa na likizo ya siku tano niliyoipata kwa kugombana na msimamizi wa karakana. Nilisafiri nimelala ubavu kwenye kiti cha nyuma na nilimsimamisha dereva mara nne ninyooshe mguu. Mara ya nne aliniuliza kama tunakwenda Mgeta au tunaipima barabara.

Mama mkubwa alikuwa uani, kwenye mkeka, akimenya njegere. Dada alikuwa mlangoni amesimama, mikono kiunoni. Hakuna aliyeshangaa kutuona.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba." Akamgeukia mume wangu. "Karibu, baba. Tumeona kazi yako."

"Shikamoo, mama. Mama, mimi sikujua. Kosa ni langu, sio lake. Naomba—"

"Wewe huna kosa. Mgeni hana kosa." Alimwaga maganda pembeni. "Mwenye kosa ni aliyeona jembe zito akamtuma mwanamume."

"Sikumtuma," nikasema.

"Basi hukumzuia."

Nilimwambia nimekuja kulifungua. Aliniangalia tumbo, akaniangalia mguu wa kulia ambao nilikuwa nimeutanguliza mbele kuupunguzia uzito.

"Palipopita mkono wa mgeni pamerudi ukooni," akasema. "Ngazi tisa za chini. Hilo halina mjadala, hata angekuwa binti yangu huyu. Zimebaki kumi na moja juu. Jumamosi asubuhi tunatoa mbegu ndani, na kufungua kunaisha. Utakazokuwa umezifungua kwa mkono wako, zako. Usizozifungua, si zako. Sikuonei."

"Na hizo tisa unampa nani?"

Akachukua ganda jingine la njegere. Dada aliangalia kidole gumba cha mguu wake.

Kisha mama mkubwa akafanya jambo ambalo pengine lilikuwa la huruma. Alimwambia dada alete mafuta ya nyonyo. "Lala hapo nikuchue. Mtoto kakaa vibaya, namsogeza mara moja, kesho utalima kama msichana." Alikuwa anajulikana kijiji kizima kwa mikono yake, wanawake walikuja kwake kutoka vijiji vya ng'ambo. Nami nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba mtoto hahusiki, na kwamba tumbo la miezi saba halisukumwi na mtu uani.

"Hapana, mama mkubwa. Nashukuru."

"Unakataa mkono wangu?"

"Nakataa tumbo kuguswa."

"Anaogopa utamnyonga," akasema dada.

Chupa ya mafuta ilirudishwa ndani. Tangu dakika ile mama mkubwa hakuniita tena mwanangu. Aliniita binti wa marehemu, na kwa sauti yake lilikuwa jina la mtu wa mbali.

Jumatano alfajiri nilifunga khanga chini ya tumbo, nikaenda shambani. Kwa asiyeijua kazi yetu: mteremko wa Mgeta ni mkali, mtu akisimama wima ardhi iko karibu na uso wake. Mkulima huanza chini, anakwangua majani na udongo wa juu yake kwa jembe, anavivuta, majani yanalala na udongo unayafunika, na hapo inatokea ngazi moja. Anapanda, anatengeneza nyingine. Majani yakifunikwa vizuri yanaoza na kuwa mbolea. Yakifunikwa vibaya yanaota upya na kila mtu anajua nani alilima.

Nilisimama, nikainama, nikapiga jembe mara saba. Kwenye pigo la nane mguu uliwaka kutoka kalioni hadi kidoleni, ukakatika chini yangu kama si wangu, nikaanguka kwa mikono. Kutoka ng'ambo ya mpaka dada alipiga makofi mawili.

"Pole, mdogo wangu. Kumbe ardhi ya kwetu haina makochi."

Sikunyanyuka haraka, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeanguka kwa magoti, viganja kwenye mteremko, tumbo likining'inia. Vilevile alivyosema muuguzi. Na moto wa mguuni ulikuwa unashuka, polepole, kama taa ya chemli inayopunguzwa. Mteremko ulikuwa mbele ya kifua changu. Kazi yote ilikuwa pale, urefu wa mkono tu, na sikuhitaji kuinama kuifikia. Kilichonizuia kilikuwa mpini, uliokatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama.

Nikamwita mume wangu, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe la mpakani. "Una msumeno kwenye mkoba wako?"

"Ninao."

"Kata mpini. Bakiza shibiri mbili."

Dada alikuwa ameshafika mpakani. "Shemeji, jembe katia huko huko kwenye jiwe. Ukivuka ukagusa hata jani moja, napiga kelele mpaka mama asikie."

"Naruhusiwa kupumua?"

"Pumua, lakini geukia Tabora."

Aliukata mpini juu ya goti lake na kunirushia jembe. Siku ile nilifungua ngazi mbili. Nilipiga magoti juu ya gunia lililojazwa majani makavu, mkono wa kushoto ukiwa umeshika mteremko na wa kulia ukivuta udongo. Nilipohesabu mivuto hamsini nilijilaza ubavu wa kushoto, na gunia lilelile nikaliweka katikati ya magoti. Nilikunywa maji. Nilifanya mgongo wa paka mbele ya macho ya dada, mara kumi, naye akaniuliza kama hospitali wananifundisha kuzaa au kubweka. Kazi ilikwenda taratibu kiasi kwamba vijana wawili wa mume wangu wangeimaliza kabla ya chai. Lakini majani yalifunikwa. Niliyakagua kila ngazi, pindo hadi pindo.

Jioni mume wangu alinichemshia maji, akanikanda kalioni kwa kitambaa kwenye chumba tulichopewa, kile cha kuwekea viazi. Aliniuliza tu kila mara, "Hapa?" nami nikajibu, "Chini kidogo."

Alhamisi nilifungua ngazi nne. Nilikuwa nimeipata njia. Ukungu ulishuka saa nane na dada akaondoka, hakuna wa kunicheka, na nikaona ninafanya kazi polepole zaidi alipoondoka. Hilo nililiandika pia. Usiku ule mtoto alicheza sana.

Ijumaa zilibaki tano. Nilianza mapema na hadi saa sita nilikuwa nimefungua tatu. Dada hakuwa anacheka tena. Alikuwa amekaa kwenye shamba lake bila kulima, anahesabu. Nilikuwa natoka kwenye mapumziko, nimesimama ili nipande kwenye ngazi iliyofuata, ndipo ncha ya unyayo wa kulia iliponasa kwenye udongo. Nikapiga hatua nyingine. Ikanasa tena. Nilitazama chini nikaona kidole gumba hakinyanyuki kama cha kushoto.

Nikajaribu kusimama kwa visigino, kama kule kliniki. Cha kushoto kilisimama. Cha kulia kilisita, kikasimama kwa shida, kikaanguka.

Nilijigusa pale muuguzi aliposema, nikiwa nimewapa mgongo wote wawili. Nilijisikia. Mkojo nilikuwa nimeupata asubuhi bila taabu. Basi dalili moja kati ya tatu, na hiyo moja yenyewe nusu. Juu yangu zilikuwa ngazi mbili, na mwanga wa saa tano bado upo. Ngazi ya juu kabisa ndiyo inayoshika njia ya kijiji. Asiye na ile hana mahali pa kuingilia. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilijua pia kwamba nikipiga magoti tena, maumivu yatakuwa madogo, na kwamba ndilo jambo baya lenyewe, kwa sababu maumivu madogo yasingenizuia.

"Nipe mkono," nikamwambia mume wangu.

"Nivuke?"

"Vuka. Nimemaliza."

Dada alisimama. "Umeacha mbili!"

"Naona."

"Mbili tu, mdogo wangu. Mbili tu unashindwa?" Nilishindwa kujua kama alikuwa ananikejeli au amekasirika kwa niaba yangu. Mpaka leo sijui.

Hakukuwa na gari mpaka alfajiri ya Jumamosi, kwa hiyo usiku ule nililala ubavu nikijaribu unyayo kila nilipoamka. Na kwa kuwa gari lilichelewa, nilikuwepo mama mkubwa alipokwenda kukagua. Alipita na fimbo yake, taratibu, kuanzia ngazi ya kumi. Katika kila moja alichimbua kwa kisigino kuona kama majani yamelala. Namjua mtu anayetafuta kasoro. Nimefanya kazi hiyo miaka sita. Alichimbua mara mbili mahali pamoja kwenye ngazi ya kumi na tatu. Hakupata kitu.

"Umelima kwa magoti," akasema.

"Kanuni inasema mkono. Magoti haikuyataja."

"Hata sungura anachimba," akasema dada, lakini hakuna aliyecheka.

"Kumi mpaka kumi na nane, zako," akasema mama mkubwa. "Mbili za juu zinarudi. Na tisa za chini." Alimwangalia binti yake. "Hizo utazilima wewe."

"Zote? Za juu na za chini?" nikauliza.

"Kuna mwingine hapa mwenye jembe?"

Mjini yule muuguzi alinitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza yake, akainuka kabla sijafika. Aliniita mjinga mbele ya benchi zima. Akaniandikia kwenda kwa mtaalamu wa viungo siku ile ile, na alinisindikiza mwenyewe hadi kwenye geti, akinishika kiwiko na kuendelea kunitukana. Nguvu ya unyayo ilirudi baada ya majuma mawili ya kulala, kunyoosha na kutonyanyua chochote kizito kuliko kikombe. Maumivu yenyewe yalibaki, yakipanda na kushuka, mpaka nilipojifungua. Siku ya tano baada ya kujifungua niliamka nikaenda chooni, na nilikuwa nimekwisha kurudi kitandani ndipo nilipogundua kwamba sikuumia. Mtoto ni wa kike.

Nina ngazi tisa za katikati. Majani yalioza vizuri, njegere zinakubali. Siku hizi naita vibarua, ni ruksa. Lakini juu yangu ni dada na chini yangu ni dada, na maji ya kijitoni hayapandi kwangu bila kupita kwake, wala mimi siingii kwangu bila kupita kwake. Kila msimu nasimama njiani, mtoto mgongoni, nabisha hodi kwenye shamba lisilo na mlango. Yeye yupo pale, namwona, ananiona. Anamalizia mstari anaopalilia, anakung'uta jembe, anafunga upya kilemba chake, kisha ndipo anapojibu karibu.